Mtoto yuko nje, mwili umebadilika: Kinachotokea kwenye sahani na tumboni

Picha inaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp saa tatu usiku. Mama aliyeko Mbagala anaivuta kwa vidole viwili, anaangalia mashavu, anashuka shingoni, anafika kiunoni. Kijana aliondoka Dar es Salaam miezi minane iliyopita akiwa amefunga mkanda tundu la mwisho. Sasa shati limembana tumboni. Kabla mama hajaandika neno, shangazi wa Tegeta ameshatangulia: hongera mwanangu, umenawiri, Ulaya imekukubali.

Nyumba ya pili, mtaa huohuo, picha ni nyingine. Binti aliyekwenda Omani kufanya kazi za ndani amesimama jikoni, na mifupa ya mabega inaonekana. Hapo hakuna anayeandika hongera. Watu wanaanza kupigiana simu pembeni.

Familia nyingi za Temeke na Kinondoni sasa zina mtu wa namna hii: mwanafunzi aliyeko India au China, binamu aliyehamia Marekani, mfanyabiashara wa Kariakoo anayekaa Guangzhou wiki kadhaa akikusanya mzigo, dada aliyeko Uarabuni. Na karibu wote hurudi na mwili tofauti na ule waliouaga nao uwanja wa ndege.

Tatizo ni namna mtaa unavyosoma mabadiliko hayo. Kitambi kinasomwa kama mshahara na mashavu kama maisha mazuri. Aliyekonda anaulizwa kwa sauti ya chini kama "anaumwa", tabia iliyobaki tangu miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa za kumfikia mtu wa kawaida. Kwa kipimo hicho, kijana anayenenepa kwa kasi hapati onyo lolote hadi presha au kisukari kimgundue, na binti anayekonda kwa sababu hapewi chakula cha kutosha anaishia kusengenywa badala ya kusaidiwa.

Ughaibuni unaanzia Ubungo

Kabla ya kuvuka bahari, ni vizuri kuanza na safari fupi zaidi, ambayo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu waliifanya wenyewe.

Watafiti waliwafuatilia watu 209, wanaume 103 na wanawake 106, waliohama kutoka Morogoro Vijijini kuja kuishi Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuhama, kisha wakafuatwa mjini kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la BMC Public Health. Ndani ya miezi 12, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani.

Walipokuwa kijijini, takriban asilimia 79 ya wanaume walifanya kazi au shughuli za kutoa jasho hasa. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki kama asilimia 27. Kwa wanawake, kiwango kilishuka kutoka asilimia 38 hadi 16. Jembe lilibaki Morogoro, hapa kukawa na daladala, kibanda cha biashara na kukaa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Watu hao hawakuacha kula mboga walipofika mjini. Ulaji wa matunda na mboga uliongezeka, pamoja na wa nyama nyekundu. Kwa hiyo ile hadithi ya kijijini tulikula vizuri, mjini tunakula vibaya haikuwa nyepesi hivyo. Walikula zaidi ya vitu vingi, wakatumia mwili kidogo.

Hata hesabu ya jasho nayo ina mipaka yake. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hutembea umbali mrefu kila siku kutafuta mizizi, asali na wanyama. Mwaka 2012 timu ya mtafiti Herman Pontzer ilichapisha vipimo vya nishati wanayotumia kwa siku, na ikakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana sana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una ujanja wa kubana matumizi kwingine pale unapotembezwa sana. Kutembea kunalinda moyo na kusaidia kudhibiti sukari, hilo halina ubishi, lakini anayetaka kujua kwa nini mtoto amenenepa akiwa nje aanze kuuliza kuhusu sahani.

Kalori 500 bila kujua

Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alichapisha jaribio lililofanyika kwa uangalifu mkubwa. Watu 20 walikaa hospitalini mwezi mzima. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vile vya kiwandani vinavyokuja tayari kwenye pakiti, na kwa wiki mbili nyingine chakula kilichopikwa kutoka viungo halisi. Milo yote ililinganishwa ili iwe na kiasi kilekile cha kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi mezani. Kila mtu aliambiwa ale atakavyo, ashibe.

Kwenye chakula cha pakiti walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, karibu sawa na chapati mbili za mafuta, bila kulazimishwa na bila kusema wana njaa zaidi. Wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Walipohamia chakula cha kupikwa, kilo hiyo ikatoka. Kitu kimoja kilichoonekana ni kasi: chakula cha kiwandani ni laini, hakihitaji kutafunwa sana, na mtu hukimaliza kabla tumbo halijapata muda wa kuuambia ubongo kwamba limejaa.

Sasa mfikirie kijana wa Yombo aliyefika chuoni kwenye nchi ya baridi. Anatoka darasani, anaingia zamu ya usiku kwenye ghala, anarudi chumbani saa sita. Hapa nyumbani angekuta ugali na matembele vimefunikwa kwa sahani. Kule anakuta mikrowevu. Fungu la mchicha ambalo genge la mtaani kwao linauza kwa bei ya kawaida kabisa, kule linaweza kuwa bidhaa ya duka la Waafrika lililoko mwisho wa jiji, wakati piza ya kugandishwa, mkate mweupe, soseji na tambi za dakika tatu ziko chini ya bweni, tena kwa punguzo.

Kuna na suala la sufuria. Nyumbani mama anapakua, na sufuria likiisha limeisha. Kule hakuna anayepakua, na jokofu halilali.

Si haki hata hivyo kuitupia lawama yote Ulaya. Kijana aliyekua akinywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu asubuhi aliondoka na mzigo wake tayari.

Jinsi mambo yanavyokwenda kwa miaka inaonekana kwa Waghana, ambao wamefuatiliwa vizuri kuliko Watanzania. Utafiti mkubwa uitwao RODAM uliwapima Waghana wanaoishi vijijini kwao, wanaoishi mijini kwao, na waliohamia Amsterdam, Berlin na London. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha ngazi inayopanda. Kijijini, wanawake wenye unene uliopitiliza walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Katika miji ya Ghana walikuwa takriban theluthi moja. London walikuwa zaidi ya nusu. Ngazi kubwa ya kwanza, kama inavyoonekana, ilipandwa bado wakiwa Ghana. Kumbuka wale wahamiaji wa Morogoro.

Wapangaji wa tumboni

Wengi wanaofika nje hulalamika kuhusu tumbo kabla hata ya uzito. Wengine choo kinakuwa kigumu siku tatu nne, wengine tumbo linajaa gesi, wengine wanaharisha. Familia nyumbani huambiwa ni "maji ya huku". Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni bakteria.

Utumbo mpana wa kila mtu umejaa bakteria wengi sana ambao si ugonjwa. Ni kama wapangaji waliozoea chakula cha nyumba. Nyuzinyuzi za maharage, dona, mtama, ndizi na mboga za majani, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, hazimeng'enywi na mwili wenyewe. Zinafika chini zikiwa nzima, na bakteria hao ndio wanaozila. Wakishazila hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo na hutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani. Ukiacha kuwaletea nyuzinyuzi, baadhi yao hupungua na wengine hutoweka.

Mwaka 2018 jarida la Cell lilichapisha utafiti wa zaidi ya wanawake 500 wa jamii za Wahmong na Wakaren, ukihusisha waliokuwa bado Thailand na waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani. Wahamiaji walianza kupoteza aina za bakteria ndani ya miezi michache tu ya kufika, hasa wale wenye uwezo wa kuvunjavunja nyuzinyuzi za mimea. Kadiri miaka ilivyopita hali ilizidi, na kwa watoto waliozaliwa Marekani upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Wengi waliendelea kula baadhi ya vyakula vya kwao, lakini hilo halikutosha kuzuia mabadiliko yote.

Jaribio jingine, la mwaka 2015, lilibadilishana sahani. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walikula kwa wiki mbili mlo wa kijijini Afrika Kusini, wenye gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku. Wanakijiji 20 wa KwaZulu-Natal wakala mlo wa Kimarekani wenye mafuta mengi na gramu 12 tu za nyuzinyuzi. Wiki mbili zilitosha. Kwa Wamarekani, butireti iliongezeka zaidi ya mara mbili na dalili zinazohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana zikapungua. Kwa Waafrika, kila kitu kilikwenda kinyume.

Na hapa nyumbani Kilimanjaro kuna ushahidi wa karibu zaidi. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililoendeshwa na watafiti wa Moshi, KCMC, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya njema walishiriki. Wa vijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka za asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa Kimagharibi, wenye vyakula vya kusindikwa na nishati nyingi. Wa mjini waliozoea mlo huo wa Kimagharibi wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja.

Waliohamia mlo wa Kimagharibi walipata ongezeko la protini za uvimbe kwenye damu, ile hali inayohusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vimelea vya magonjwa. Waliokwenda kwenye chakula cha asili, na hata walevi wa mbege wa wiki moja, kwa sehemu kubwa walionyesha hali ya kinyume. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya jaribio. Ni utafiti wa wanaume tu na wa muda mfupi, na haumaanishi mtu sasa akajitibu kwa pombe, maana mbege ni pombe. Lakini unaonyesha kwamba kijana wa miaka 22 hahitaji kukaa Ulaya miaka kumi ndipo mwili wake ujue kuwa chakula kimebadilika.

Kuna pia suala dogo la maziwa ambalo huwachanganya wengi. Watu wazima wengi wa asili ya Afrika hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa mabichi au freshi. Jamii za wafugaji, Wamaasai wakiwamo, ni tofauti. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wafugaji wa Afrika Mashariki wana vinasaba vyao wenyewe vya kustahimili maziwa, visivyotokana na Wazungu. Kwa hiyo kijana wa Kipare au Kizaramo anayeanza kula nafaka na bilauri la maziwa kila asubuhi, kisha tumbo likanguruma mchana kutwa, pengine hana mdudu wala mzio. Mtindi kwa kawaida humsumbua kidogo zaidi.

Anayekonda ndiye wa kupigiwa simu kwanza

Kupungua kilo moja au mbili katika wiki za mwanzo ni kawaida. Chakula ni kigeni, pilipili ya India ni kali, mtu anabana hela atume nyumbani, mwingine anatafuta nyama ya halali na haipati. Wengi hutulia wakijua wapi pa kununua na namna ya kupika.

Kipimo ambacho madaktari hutumia ni hiki: mtu mzima akipungua asilimia tano au zaidi ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, achunguzwe. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo tatu na nusu. Kukonda huku ana kiu isiyoisha na anakojoa mara kwa mara kunaweza kuwa kisukari. Kukonda na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku, kunahitaji kipimo cha kifua kikuu haraka.

Halafu kuna kukonda kusikotokana na ugonjwa wowote.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku, kutolipwa, na kudhalilishwa. Wapo waliosema walipewa makombo au chakula kilichoharibika. Si kila nyumba Uarabuni ni hivyo, na wapo mabinti waliojenga Chamazi na Bunju kwa mishahara ya huko. Lakini mzazi anayeona mwanawe anayeyuka kwenye picha asiishie kusema "kazi nyingi tu hiyo".

Namna ya kuuliza ina uzito wake. "Mbona umekonda hivyo?" mbele ya kundi zima la familia humfunga mdomo, hasa kama mwajiri amesimama nyuma ya simu. Swali linalofungua zaidi ni la kawaida kabisa, la mtu na mtu: leo umekula nini, saa ngapi, na nani? Umelala saa ngapi? Simu unashika muda gani? Majibu matatu yanayofanana, kwamba amekula mara moja, usiku, peke yake jikoni, yanatosha kwa familia kuanza kumtafuta wakala aliyempeleka na ubalozi wa Tanzania katika nchi husika.

Mwili umechoka, jua liko wapi?

Wapo ambao mizani haijasogea, lakini sauti imebadilika. Wanalala sana, viungo vinauma, hawana hamu. Upweke na baridi vina sehemu kubwa, na mzazi asidharau hilo. Ila lipo jingine linalopimika: vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Wamaasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania na kuripotiwa mwaka 2012 walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kizuri sana. Ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kutengeneza kiasi hichohicho, na Uingereza kuanzia Oktoba hadi Machi jua hilo halitoshi. Ndiyo maana huduma ya afya ya nchi hiyo inashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo, na wanafunzi wengi hawajui kama vinawahusu.

Akirudi likizo

Mgeni akitua, pilau itapikwa, hilo halizuiliki. Ila maneno ya mlangoni kuhusu mwili wake, ya sifa au ya kejeli, yanaweza kusubiri. Badala yake, likizo ni nafasi nzuri ya kwenda naye kupima presha na sukari, na baba na mama wakapima hapohapo, kwa kuwa kisukari na presha havimsubiri mtu apande ndege. Akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Aliyekaa nchi isiyo na malaria kwa miaka hupoteza sehemu ya kinga aliyokua nayo, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Hao wanahitaji kuongea na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kusafiri.

Na akiwa anafunga begi kurudi, wazazi wajue kwamba Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka Tanzania. Samli na nyama kavu ya bibi vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Maharage hayana haja ya kubebwa. Yanauzwa karibu kila duka duniani, makavu au kwenye kopo, na ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu rafuni. Spinachi ya kugandishwa nayo ipo, si matembele lakini inakaribia. Kinachokosekana mara nyingi ni kijana kujua kupika. Wiki mbili za likizo jikoni kwa mama, avulana kwa mabinti, zinatosha kujifunza maharage ya nazi, mboga ya majani na ugali usio na mabuja.